Mkono Juu ya Redio

Geita, 12 Agosti 1956

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini ile homa ya masika imekuachia kabisa na umerudi kula ugali wa kushiba. Nilipoambiwa umelazwa na unadungwa sindano za kwinini kila siku nilitaka kuja, lakini ruhusa ilikataliwa, na nilipoipata ulikuwa umekwisha kutoka. Mimi sijambo. Wamenitoa kule chini shimoni wakaniweka karakana ya umeme, nashinda nikisafisha mota zilizoungua.

Baba, dereva Eustace atakuletea sanduku. Tafadhali usilifungue kwa panga. Ndani mna redio, pamoja na betri kubwa kama ya gari. Tangu mama afariki nakuwaza sana jioni, uko peke yako na koroboi yako, huna hata mtu wa kubishana naye. Sasa utabishana na watu wa Dar es Salaam na hawataweza kukujibu. Bujiku wa gereji, yule niliyesoma naye, atakuja kuifunga na kutundika waya juu ya paa. Betri ikiisha nguvu utampelekea yeye aijaze.

Kuna vitu viwili vinavyoua mashine, na nimeona vikiua mashine kubwa kuliko nyumba yetu: joto na vumbi. Ndani ya redio mna taa ndogo za kioo ambazo zikiwaka zinapata moto, na nyuma kuna matundu ya kuutoa moto huo. Usiisukume mpaka ukutani, iachie nafasi ya kiganja. Isikae karibu na mafiga wala chini ya bati tupu. Na kile kitambaa alichokidarizi mama, nakujua, utataka kuifunika nacho. Ifunike ikiwa imezimwa na kupoa. Kuifunika ikiwa inasema ni sawa na kumvika mtu blanketi saa sita mchana. Vumbi la Shinyanga unalijua kuliko mimi. Lipanguse kwa unyoya wa kuku kila asubuhi, na nyuma upulize taratibu kwa pampu ya baiskeli. Kitambaa kibichi hapana, hata siku moja.

Kuna jambo jingine. Ni la Ghati, yule niliyekutajia mwaka jana. Ulisema hutaki habari za binti wa Kikurya aliyeokotwa mgodini. Hakuokotwa, Baba. Baba yake ni seremala hapa, mtu wa heshima zake. Sasa tunaishi pamoja. Natamani nimlete nyumbani umwone. Niandikie unasemaje.

Ni mimi mwanao,
Januari


Ngokolo, Shinyanga, 9 Septemba 1956

Mwanangu Januari,

Marahaba. Homa imekwenda zake, imebaki miguu tu, nayo ni ya uzee, haina dawa. Jirani yetu Mwamvua anakusalimu. Kisulisuli cha juzi kimeezua paa la jiko lake, naye ananilaumu mimi kana kwamba ndimi niliyepuliza.

Sanduku limefika. Sikutumia panga, nilitumia mtaimbo. Bujiku alikuja akaifunga redio na kutundika waya, na watu wakajaa mpaka uani. Alipozungusha kitufe watu wote walipiga makofi, nami nikapiga. Wabeja, asante sana mwanangu. Hakuna mzee mwingine Ngokolo hii aliyeletewa kitu kama hiki na mwanawe, na nimehakikisha wote wanalijua hilo.

Amri zako nimezishika. Nimeiweka chumbani kwa mama yako, mbali na mafiga. Dirisha nimelifunga na chini ya mlango nimesokomeza gunia, maana upepo wa mwezi huu unatia mchanga hata kwenye chumvi. Watu nao nimewazuia. Mwamvua alikuja na kigoda chake jioni ya pili, nikamwonyesha miguu yake. Akanuna. Na anune. Mtu anabeba vumbi la njia nzima kwenye nyayo zake halafu anataka kuketi mbele ya kitu cha watu! Basi nakaa nayo peke yangu. Naweka mkono juu yake, nakuta ina uvuguvugu na inatetemeka kidogo kama tumbo la paka, najua mambo yanakwenda.

Lile jambo la mwisho wa barua yako. Mimi nilikuwa nyapara wa gengi la reli pale Isaka, karatasi nimeziona nyingi. Karatasi ni ya kuagizia mataruma na misumari. Neno la mji, la mke na la mtoto, halitumwi kwa karatasi. Linasemwa kwa mdomo, mbele ya watu, wakawa mashahidi. Ndivyo nilivyomwendea baba yangu kwa ajili ya mama yako, nikitetemeka. Ukiwa na neno, liseme hivyo, nami nitalijibu. Ukiliandika tena sitalisoma.

Mungu akuchunge huko.
Baba yako,
Pantaleo Nkwabi


Geita, 28 Oktoba 1956

Kwako Baba,

Shikamoo. Huku mvua za kwanza zimeanza na matope yamejaa barabarani. Nina afya. Habari ile sitaiandika, kama ulivyoamuru. Ila ujue likizo hawatoi mpaka mkataba uishe mwakani, kwa hiyo mdomo wangu hauna jinsi ya kufika huko.

Nina swali juu ya redio. Eustace ananiambia Bujiku anashangaa: betri yako inarudi gereji imekufa kabisa kila baada ya siku chache. Betri ile ilitakiwa ikutoshe juma zima na zaidi. Unazima saa ngapi, Baba? Kituo kikishawatakia watu usiku mwema hakuna tena cha kusikiliza, lakini mashine inaendelea kuwaka na kunguruma bure, inajichoma yenyewe. Au unasinzia mbele yake? Na chumba ulichokiziba kwa gunia kimekuwa tanuri. Fungua dirisha jioni upepo ukitulia. Tundika kanga nyepesi hapo, itanasa vumbi na hewa itapita.

Na watu waruhusu. Waoshe miguu mlangoni, yatosha. Nilikununulia ili upate watu, wewe umewafukuza hata wale uliokuwa nao.

Niambie unapenda nini zaidi katika wanayosema.

Mwanao,
Januari


Ngokolo, 6 Januari 1957

Bwana Umeme,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Umeniuliza kama nasinzia. Nilikesha miaka ishirini nikilinda reli isibebwe na mafuriko, sinzia wewe.

Nimepata njia ya kuizima kwa wakati. Naiwasha kuku wakiingia bandani, naizima mafuta ya koroboi yakifika kwenye alama niliyochora. Dirisha nafungua kidogo. Watu bado. Vumbi ni vumbi.

Umeuliza napenda nini. Wanasema mengi. Habari za pamba, habari za Waingereza, halafu wanaimba. Waimbaji wa siku hizi hawana pumzi kama wetu. Basi, ndivyo hivyo.

Krismasi nilikwenda misa ya asubuhi. Padri huyu mpya anahubiri kwa kunong'ona, sijui ndivyo wanavyofundishwa. Siku hizi kila mtu ananong'ona. Hata Mwamvua, aliyekuwa akikohoa tunamsikia sokoni, sasa anasimama uani midomo inacheza tu, na nikimwambia aseme kwa nguvu ananuna upya. Nimeacha kwenda kwa watu, wananichosha. Nilirudi nikajichinjia kuku, nikala wali mezani na redio mbele yangu. Nilikaa nayo mpaka jua likatua. Nilipokuja kuigusa ilikuwa moto kama birika, nikaizima kwa haraka na kuipepea kwa ungo. Usinigombeze, nimejigombeza mwenyewe.

Mama yako angekuwepo angecheka. Kuku mzima alinishinda, nilimla siku tatu.

Baba yako,
Pantaleo


Geita, 17 Machi 1957

Kwako Baba,

Shikamoo. Sina budi kuandika upesi kwani Eustace anaondoka alfajiri.

Ulisema neno la mji lisemwe kwa mdomo, mbele ya watu. Nimelifikiria tangu siku ile, na nimepata njia. Kituo cha Dar es Salaam wana kipindi cha salamu. Niliwaandikia, wamenijibu: Jumapili tarehe 5 Mei, saa kumi na mbili na nusu jioni, mtangazaji atasoma neno langu kwako. Mdomo wangu haufiki Ngokolo, Baba, lakini wa yule bwana unafika, na mashahidi watakuwa watu wa Tanganyika nzima. Sidhani kuna mtu aliyewahi kumwendea baba yake na mashahidi wengi hivyo. Ndani yake mna ombi, na mna habari ambayo sitaiweka hapa maana umekataza.

Nakuomba siku hiyo uiangalie redio kama mgonjwa. Asubuhi ipulize vumbi. Betri iwe imejazwa. Usiiwashe mchana ikachoka, iwashe karibu na saa yenyewe, dirisha wazi, kitambaa cha mama mbali. Ikizimika kwa joto siku hiyo sitapata nafasi nyingine. Na uwaite watu. Mwite Mwamvua, mwite katekista Donatus.

Kisha uniandikie jibu. Ukikubali tutakuja nyumbani mkataba ukiisha. Ukikataa sitakusumbua tena.

Mwanao,
Januari


Ngokolo, 12 Mei 1957

Mwanangu Januari,

Marahaba. Hali yangu njema, mvua zimekatika mapema na michembe ya viazi inakauka vizuri juu ya paa.

Siku ile nilivaa koti langu la reli. Redio niliipulizia asubuhi na nikaipangusa tena adhuhuri, betri Bujiku alikuwa ameijaza pomoni. Niliiwasha kwa saa uliyosema, dirisha wazi. Watu sikuwaita, niliona ni jambo langu na lako. Nikaweka mkono juu yake, haukutoka hapo mwanzo hadi mwisho. Haikuchemka hata kidogo. Ilitetemeka vizuri wakati wote. Nimefanya kila ulichoniagiza, Januari, Mungu shahidi.

Neno lako limefika. Lakini neno kubwa halijibiwi kwa papara, nipe muda. Na ukipenda waweza kulirudia kidogo kwa barua, safari hii nitaisoma. Mambo ya redio yanapita haraka na mzee hupenda kulitazama jambo mara mbili.

Juma hili watu sokoni wamenipa mikono wakicheka. Nadhani ni kwa ajili ya koti. Mwamvua naye kaniletea vitumbua, sijui amekosa nini.

Baba yako,
Pantaleo


Geita, 30 Juni 1957

Kwako Baba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako, na aliyeisoma pamoja nami amelia. Neno nililolisema mbele ya nchi nzima sitalirudia kwa karatasi. Uliponiandikia kwamba umekataa karatasi, nilitafuta mdomo. Nilipokuletea mdomo, unataka karatasi. Watu nisiowajua wamenitumia maneno mema kupitia kwa madereva. Baba yangu peke yake ndiye anayetaka muda, na habari yake kubwa ni koti.

Nakujua. Hata wazee walipokuja kuomba shamba la bondeni uliwaambia nipeni muda, na mpaka leo hawajapata. Nimeelewa.

Januari


Ngokolo, 28 Julai 1957

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako ya mwezi uliopita umeiandika kama karani anayemfukuza mtu kazi. Nimeisoma, nimeiweka, nimeisoma tena. Sikukuambia nakataa. Nilisema ulirudie neno lako. Kurudia neno kunakuondolea nini?

Vumbi limeanza. Kila asubuhi nina kazi ya unyoya na pampu. Redio inapata joto upesi kuliko zamani, nayo ina harufu kama ya manyoya yaliyoungua. Nimeipa nafasi ya viganja viwili ukutani lakini wapi. Niambie nifanye nini, fundi ni wewe.

Nimekaa leo nikakumbuka ulivyokuwa ukilala mgongoni kwangu tukitoka Isaka kwa troli ya gengi. Ulikuwa unaimba, hujui hata maneno.

Baba yako,
Pantaleo


Ngokolo, 1 Septemba 1957

Januari,

Eustace amepita, nikamwuliza kama ana barua, akatikisa kichwa. Nikadhani hajaelewa, nikamwuliza tena.

Nakusalimu tu.

Baba yako


Geita, 22 Septemba 1957

Kwako Baba,

Shikamoo. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Oktoba. Nimepata kazi upande wa Musoma, karibu na nyumbani kwa kina Ghati. Baba yake ametupa kiwanja. Hatutapita Ngokolo, nimeona tusikupe shida ya kutafuta la kusema.

Redio ni yako. Kama inanuka, mpelekee Bujiku aifungue. Huenda ni vumbi limerundikana kwenye taa.

Nakutakia afya njema.
Januari


Ngokolo, 6 Oktoba 1957

Mwanangu Januari, mwanangu,

Barua hii nimempa Eustace mkononi na nimemwapisha kwa jina la mama yake kwamba haitakaa mfukoni. Keti chini uisome.

Jana niliipakia redio kwenye toroli nikaipeleka kwa Bujiku kama ulivyosema. Akafungua nyuma. Januari, mlikuwa na panya ndani, na wanawe. Alijenga kwa nyuzi za gunia langu, lile la mlangoni, na karibu na taa zako za kioo ndipo alipowalaza, wapate joto. Waya wa kwenda kwenye spika ameukata kabisa. Bujiku akanitazama, midomo yake ikacheza. Nikamwambia aseme kwa nguvu, vijana mnanong'ona nini. Akaondoka akazunguka nyuma yangu, akakaa huko kidogo, akarudi. Baadaye ndipo aliponieleza: alikwenda kupiga pipa la mafuta kwa spana, akalipiga mpaka watu wakatoka madukani, na mimi nimesimama namtazama yule panya.

Akachukua chaki akaandika kwenye saruji: "Redio hii haijasema siku nyingi. Mzee, ulikuwa unasikiliza nini?"

Akapangusa kwa mguu, akaandika tena: "Mjukuu hajambo?"

Nilisoma nikadhani macho nayo yamekwenda. Nikamwuliza, mjukuu yupi. Bujiku akanishika bega. Halafu akapiga magoti akaandika kwa herufi kubwa yale yaliyosomwa siku ile, maana wao waliyasikia kwenye redio ya dukani pale sokoni na mji mzima uliyakariri. "Kwa Mzee Pantaleo Nkwabi wa Ngokolo. Mimi mwanao Januari pamoja na Ghati tumepata mtoto wa kiume. Tumempa jina la baba yako, Nkwabi. Tunaomba mlango wako." Chaki iliisha kwenye neno mlango, akamalizia kwa kipande cha mkaa.

Nililia pale gereji mbele ya watu waliokuja kujaza upepo kwenye magurudumu. Kumbe ndiyo sababu ya mikono sokoni. Kumbe ndiyo sababu ya vitumbua. Watu walikuwa wananipongeza, nami nawaambia koti ni la mwaka arobaini na nane.

Sasa nitasema, na nitasema kwa karatasi, nimejifunza adabu. Masikio yangu hayapo. Yalianza kufa Isaka kwa nyundo na misumari, na ile kwinini ya hospitali ikayamaliza. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikufa kwa dawa yenyewe. Nilitoka hospitali ile nikadhani dunia imenyamaza kwa heshima ya mgonjwa, itarudi. Haikurudi. Nikiwa bado natafuta jinsi ya kukuandikia, ndipo lilipokuja sanduku lako. Ningekuambiaje? Umeacha kula nyama mwaka mzima, nilijua, Eustace alinidokeza, ukamnunulia sauti mtu asiye na masikio. Nikaona afadhali niitunze kama ulivyosema, isipate joto, isipate vumbi, angalau hilo nililiweza. Watu niliwafukuza ili wasigundue. Wewe ulinipa sababu ya vumbi, nikaishika kama fimbo. Habari za pamba nilisoma kwenye gazeti la katekista. Ilipowaka nilijua kwa mkono, ilipozimika nilijua kwa mkono, na kituo kikifunga sikujua, ndiyo maana betri zilikuwa zinakufa.

Siku ile ya Mei nilikaa na koti langu, mkono juu, najua kabisa kwamba mwanangu yumo mle ndani ananiambia jambo. Nilikuwa natetemeka kuliko hiyo redio. Nilitaka kukimbia uani nimvute Mwamvua, nikaona aibu, nikabaki. Nisingeweza kujibu neno nisilolijua. Ningesema ndiyo, kumbe umeniambia una ugonjwa.

Nimemfungia mjukuu wangu mlango kwa gunia, na panya akaingia na wanawe.

Jibu langu ni hili, na nimelisema kwa mdomo kwanza, jana hiyo hiyo, pale gereji mbele ya Bujiku na Mwamvua na wote, kwa sauti ambayo Bujiku anasema ilifika stesheni: mlango uko wazi. Mwambie Ghati kwamba sikumkataa yeye, simjui hata uso. Nilichukia kuambiwa kwa karatasi. Mambo ya ng'ombe na baba yake tutayazungumza, wewe utaniandikia wanayosema na mimi nitajibu, kelele naziweza.

Usiende Musoma bila kupita hapa. Nakuomba. Mimi ndiye ninayeomba mlango sasa.

Baba yako,
Pantaleo


Geita, 20 Oktoba 1957

Baba yangu,

Shikamoo, na nimeiandika kubwa.

Eustace alifika akakuta mizigo imefungwa. Nilisoma barua yako nje, juu ya sanduku la vyombo, na Ghati akanifuata kwa kuwa nilikaa sana. Nilimpa naye asome. Aliposoma pa koti akacheka, aliposoma pa panya akaingia ndani.

Mimi ni fundi, Baba. Uliniandikia kwamba unaweka mkono juu yake, uliandika tena na tena, na betri zilikuwa zinakufa, na watu wote wananong'ona. Kama mota ingenionyesha dalili hizo ningeujua ugonjwa wake siku ya kwanza. Wewe nilikuona mkaidi tu. Nilikuwa nakuandikia juu ya matundu na unyoya, sikuuliza hali yako zaidi ya mstari mmoja.

Musoma tutakwenda, kazi imekwisha kutiwa sahihi, sitakudanganya. Lakini tutapita kwako kwanza. Tutashuka Shinyanga kwa treni ya kutoka Mwanza, Jumamosi tarehe 2 Novemba, na tutakaa mpaka utuchoke. Nkwabi ana meno mawili na sauti mbaya sana. Majirani hapa wamefurahi kusikia tunahama.

Redio usiitengeneze. Mwache panya.

Mwanao,
Januari


Ngokolo, 27 Oktoba 1957

Mwanangu Januari,

Marahaba. Sijui kama barua hii itakuwahi, huenda mtapishana nayo njiani, ninyi mkija na yenyewe ikienda. Naandika hivyo hivyo, mkono umezoea.

Gunia nimelitoa na mlango wa mama yako haujafungwa tangu barua yako ifike. Vumbi limeingia kama lilikuwa linangoja. Limejaa mezani, limejaa kwenye redio, naliona na sitaligusa. Mwamvua anakaa humo jioni na kigoda chake, bila kuosha miguu, ananiandikia umbea wa mtaa kwenye kibao cha shule cha binti yake. Mwandiko mbaya, lakini umbea mzuri. Panya amehama mwenyewe, nadhani kelele za Mwamvua.

Kile kitambaa cha mama yako nimekifua na kukianika. Nilikuwa nakitunza kwa redio, sasa kina mtu wake.

Jumamosi nitakuwa stesheni mapema. Msihangaike kuniita, hamtafanikiwa. Nitasimama karibu na reli na nitaijua treni kwa nyayo kabla ya watu wote, huo ujuzi haujaniacha. Ghati asione haya nikimkodolea midomo, ndivyo ninavyosikiliza siku hizi.

Na mtoto akianza kulia, mama yake asihangaike kumnyamazisha. Mnipe. Nitamweka kifuani, mkono wangu mgongoni kwake, nijue anasemaje.

Baba yako,
Pantaleo